Joto la Mtu Mmoja

Binti yangu anataka kulitupa blanketi langu. Anasema linanuka. Linanuka kweli, hilo sikumbishia. Ni blanketi la kijivu lenye mstari mwekundu upande mmoja, zito, linachoma shingo, na panya wamekwisha kula pembe mbili. Juzi nililianika juani kabla baridi haijaanza, nikainama kulikung'uta, na harufu ikanipanda puani yote kwa mara moja: moshi wa makaa, dawa ya nondo, karanga. Nikakaa kibarazani nalo magotini mpaka jirani akapita akaniuliza kama nimepata msiba. Nikamwambia hapana, nimekumbuka mwezi wa sita.

Sisi tuliozaliwa katika kambi za Kampani, ile ya shaba, hapa Lubumbashi, kila mmoja ana maoni yake juu ya hewa ya mji huu, na hatubadilishi. Mgeni akija mwezi wa tano atasema ni pazuri, jua bila jasho, anga safi. Akija mwezi wa kumi, vumbi limejaa mpaka kwenye meno na mvua bado haijulikani iko wapi, atatuuliza tulimkosea Mungu nini. Mimi maoni yangu ni kwamba mwezi bora wa mji huu ni ule wa sita, wa baridi mbaya inayopasua midomo, na kila nikisema hivyo watu wananicheka. Basi nieleze nilivyofikia hapo, kwa sababu sikufika kwa akili.

Nyumbani kwetu hewa haikuwa jambo la kupitishia muda. Nchi nzima wakati ule ilikuwa na chama kimoja, lakini ndani ya nyumba yetu, kwa habari ya baridi, tulikuwa na vyama viwili na kampeni haikuisha. Baba alikuwa mwenyekiti wa chama cha baridi. Alikulia hapa, kwa baba yake aliyehamia kazini akiwa kijana kutoka Lukafu; mama yake alibaki kule na mashamba. Mwezi wa sita, jua halijatoka bado, baba alifungua mlango, akasimama nje na fulana tu, akanyanyua mikono na kuvuta hewa mpaka mbavu zikaonekana.

"Hii njo climat," alisema, yaani hii ndiyo hewa. "Ku Bulaya banaitafutaka, habaipati."

Kisha alipiga chafya tatu au nne. Mama akiuliza nani amepiga chafya, baba alijibu kwamba ni vumbi.

Mama alikuwa chama cha joto. Aliletwa mjini mgongoni kwa mama yake, maana babu yangu wa upande ule alikuwa mtu wa reli kutoka kaskazini ya Katanga, kwenye joto la kweli. Alikuwa Mkatoliki wa kufunga na kusali, lakini aliamini kwamba Mungu aliumba baridi ya Lubumbashi siku aliyokuwa na haraka. Kuanzia mwezi wa tano alijifunga vikwembe, yaani vitenge, vitatu, kimoja juu ya kingine, na vitambaa viwili kichwani, na akipita mlangoni ilibidi tumpishe. Mimi nilikuwa na miaka minane na sikuwa na chama. Nilimuunga mkono yeyote aliyekuwa anagawa chai.

Ndipo akaja Nkambo, mama yake baba. Babu, aliyerudi kijijini alipostaafu, alikuwa amefariki kule Lukafu wakati wa mavuno, na baba hakutaka mama yake abaki peke yake na mashamba na kuku. Akaenda kumchukua. Nkambo akashuka kwenye lori akiwa na gunia la karanga, kuku mmoja aliyekuwa na hasira kuliko sisi wote, na jembe lake. Baba akamwambia jembe la nini, hapa Kampani inalisha watu. Nkambo hakulitoa mkononi. Akaliweka nyuma ya mlango, akakaa, akanywa maji, halafu akatoa masharti yake mbele yetu sote.

"Nitajaribu hewa yenu. Mvua ya kwanza ikifika, nitakuambia."

Baba akacheka, akasema sawa mama. Mimi sikucheka. Nilielewa vizuri kabisa, au nilidhani hivyo. Nkambo amekuja kuijaribu hewa yetu, kama mtu anayejaribu viatu, na siku ya mvua ya kwanza atasema vinambana au havimbani. Vikimbana, atarudi Lukafu. Na mimi, baada ya siku tatu tu, nilikuwa nimeshaamua kwamba haendi popote.

Nililala naye kitanda kimoja, na mgongo wake ulikuwa na joto kuliko kitu chochote ndani ya nyumba ile. Aliniita muke mwenzangu, kama wanavyowaita bibi wote wa kwetu wajukuu wao wa kike, kwa utani, kwamba sote wawili tumeolewa na babu. Mama akinyanyua mkono anipige, Nkambo aliuliza bila kugeuka, "Ukivunja muke mwenzangu, nani atanisaidia kupikia bwana yetu?" Bwana yetu alikuwa amelala kaburini tangu mwezi wa nne, lakini mama alishusha mkono. Mtu anayeweza kukuokoa na kofi kwa kumtaja marehemu humwachi aende zake kwa sababu ya hewa.

Mwezi wa sita ukaingia na baridi yake. Asubuhi Nkambo alikaa kando ya mbabula, lile jiko la makaa la bati, karibu sana mpaka mama aliogopa nguo zitawaka. "Baridi yenu haiko na heshima," alisema. "Inaingia mu nyumba bila hodi, inakamata muntu ku magoti." Siku ya kwanza alikataa soksi, akasema soksi ni za maiti. Siku ya tatu alivaa soksi za baba. Mwisho wa juma alienda misa amevaa koti la kazi la baba, lile nene la mbele ya tanuri la shaba, linalofika chini ya magoti, na watu wa kanisa walimpa nafasi benchi nzima. Kila jioni nilimuuliza hewa ikoje. Kila jioni alijibu, "Mubaya." Nilikuwa nahesabu siku, na niliona tunashindwa.

Sasa inabidi mnielewe. Wenye umri wangu mtakumbuka, wadogo hamtaamini. Kampani ilitupa kila kitu. Nyumba ya matofali ilikuwa ya Kampani, na balbu iliyokuwa ndani yake. Kila Jumamosi, kantini ilitugawia mposho wetu: unga, samaki wakavu, mafuta ya mawese, maharage, chumvi. Kampani ilitupa shule, na shuleni maziwa ya unga ambayo tulikunywa tumebana pua. Ilitupa hospitali, ilitupa timu ya mpira, na mtu akifa ilitupa jeneza. Hata saa ilitoka kwa Kampani: king'ora kikilia baba anaondoka, kikilia tena mama anateleka maji ya bukari, ugali wetu. Mtoto aliyeona hayo yote angekuwa mjinga asipofikiri kwamba hewa nayo ni mposho.

Na nilikuwa na ushahidi. Kwanza, bomba kubwa la moshi la kiwandani. Miezi yote ya kiangazi hakukuwa na wingu lolote mbinguni isipokuwa lile lililotoka pale, kwa hiyo nilijua mawingu yanatengenezwa wapi. Pili, mtaa wa Golf. Siku moja baba alinichukua kupeleka kifurushi kwa injinia mmoja aliyekaa kule, kwenye majumba yenye bustani. Kambini kwetu kila jani lilikuwa jekundu kwa vumbi. Kule Golf, chini ya jua tupu, mvua ilikuwa inanyesha juu ya majani ya injinia. Ilikuwa mvua ndogo, inazunguka taratibu, na haikuvuka ua wake hata hatua moja. Leo najua lilikuwa bomba la kumwagilia. Siku ile nilijua tu kwamba wakubwa wanapewa mvua yao wakati sisi bado hatujapangiwa.

Kwa hiyo Jumamosi moja mama aliponituma kantini na kitabu na mfuko, sikuona haya. Kitabu kilikuwa kile cha familia, chenye picha ya baba na mhuri, na majina yetu yote kwa mpangilio: baba, mama, mimi, mdogo wangu. Nyuma ya kaunta alikuwepo Papa Ilunga, mtu mrefu mwenye kalamu sikioni, ambaye hakucheka hata siku ya sikukuu. Alipomaliza kunipimia unga na samaki, sikuondoka.

"Nini tena?" akauliza.

"Papa, naomba na joto. Ya muntu moya tu. Ya Nkambo."

Nyuma yangu kulikuwa na mstari wa wamama thelathini. Papa Ilunga akatoa kalamu sikioni. Akafungua kitabu chetu, akapitisha kidole kutoka jina la kwanza mpaka la mwisho, akakifunga.

"Nkambo yako haiko mu kitabu," akasema. "Muntu mwenye haiko mu kitabu, Kampani haimujue. Hapati kitu. Mwingine."

Nadhani alikuwa anafanya mzaha. Kwa uso wake huwezi kujua. Lakini nilirudi nyumbani na mfuko kichwani nikiwa nimepata mwanga ambao wanafunzi wa chuo kikuu kule Kasapa hawajawahi kuupata katika masomo yao yote. Kila kitu kilikuwa wazi. Baba ndiye wa kwanza kitabuni, ndiyo maana anasimama nje na fulana wala hasikii kitu. Mama ni wa pili, basi baridi inampata kiasi. Sisi watoto tunapata mafua lakini tunapona. Nkambo hayumo kabisa, kwa hiyo baridi yote iliyobaki inamwangukia yeye. Haikuwa kosa la hewa. Ilikuwa kosa la maandishi, na mimi nilikuwa wa tatu darasani kwa maandishi.

Siku ya Jumatatu, mama akiwa bombani kuchota maji, nilitoa kitabu chini ya godoro, nikachukua kalamu ya shule ya wino wa buluu, nikaandika chini ya jina la mdogo wangu. Penye jina niliandika NKAMBO, kwa herufi kubwa. Penye siku ya kuzaliwa niliandika ZAMANI. Mwisho palikuwa na nafasi ya kuonyesha huyu mtu ni nani kwenu. Nilifikiri sana hapo. Nikaandika kile ambacho mwenyewe alikuwa akiniambia kila siku: MUKE MWENZANGU.

Jumamosi iliyofuata Papa Ilunga alisoma, akasoma tena, akaweka kitabu ndani ya droo badala ya kunirudishia. Jumatatu baba akaitwa kwa shefu wa kambi, mkuu wetu sote.

Sijui niwaelezeje maana ya maneno hayo kwa mtoto wa kambi. Kuharibu kitabu cha Kampani halikuwa jambo dogo. Kuna mtu wa mtaa wetu aliyemwandikisha mpwa wake kama mtoto wake, akafukuzwa kazini, na mtu akifukuzwa kazini nyumba nayo inachukuliwa, na balbu. Mama alilia akikunja nguo kana kwamba tunahama usiku ule ule. Nkambo akasema wote tutaenda naye Lukafu, hakuna shida, vyumba viko. Na mimi, katikati ya hofu ile, nilipata wazo la aibu ambalo nalisema leo kwa mara ya kwanza: kwamba basi, tukifukuzwa, angalau nitakaa na Nkambo.

Baba alinishika mkono tukaenda wote wawili. Nilimwambia ukweli njiani.

Ofisi ya shefu ilikuwa na picha ya Rais ukutani, meza kubwa, na chini ya meza jiko dogo la umeme lenye waya mwekundu unaowaka. Niliona kwa sababu kimo changu kilinifikisha pale. Shefu alitoka mbali, upande wa mto mkubwa, alikuwa ameletwa kwetu kikazi, na Kiswahili alijifunza ukubwani. Alivaa lile koti lisilo na tai ambalo wakubwa wote walivaa siku zile, na juu yake skafu mbili. Miguu yake ilikuwa imelikumbatia lile jiko.

"Citoyen," akamwambia baba, yaani raia, kama tulivyoitwa siku zile, "kitabu ya Kampani ni document. Nani aliandika hapa?"

"Miye, chef," baba akasema.

Nilimtazama. Baba yangu alikuwa mtu aliyerudisha hata msumari wa Kampani alioukuta mfukoni, na pale alisimama wima akadanganya bila kupepesa macho, kwa ajili yangu.

Shefu akageuza kitabu kuelekea kwake. "Weye, muntu mukubwa, unaandikaka hivi? Na mwenye kuandikwa ni muke wa pili, alizaliwa zamani?"

"Njo ile, chef," baba akasema kwa sauti ndogo.

"Ni miye," nikasema. "Papa hakujua."

Shefu akaniuliza kwa nini. Nikamwambia yote. Nikamwambia kwamba Nkambo anaijaribu hewa yetu, kwamba baridi inamwangukia yeye peke yake kwa sababu hajaandikwa, na kwamba mvua ya kwanza ikifika atatuacha. Nikamwambia sikuomba mposho wa unga, unga tutagawana. Niliomba joto tu, la mtu mmoja.

Shefu hakucheka. Alisogeza miguu karibu zaidi na ule moto wake na akamgeukia baba kama mtu aliyepata shahidi.

"Huyu mutoto iko na haki. Hii baridi yenu ni mubaya sana. Kule kwetu muntu analala bila shuka mwaka muzima. Miye kila siku nasema, hapa haiko mahali ya kukaa bantu."

Hapo mtu mwenye akili angeitikia. Kazi yetu, nyumba yetu, kila kitu kilikuwa mikononi mwa mtu yule mwenye skafu mbili, na jibu lililotakiwa lilikuwa ndiyo chef. Nilivuta suruali ya baba. Akasafisha koo.

"Pardon, chef," akasema. "Climat ya hapa iko muzuri kabisa."

Nikafumba macho.

"Muzuri namna gani?" akauliza shefu.

"Chef, miye niko ku tanuri. Kutoka asubui niko mbele ya moto, shaba inachemka, hata machozi inakauka. Nikirudi ku nyumba ngozi yangu ingali inawaka. Ile baridi ya asubui, mbele ya king'ora, njo ile tu napataka. Dakika kumi. Usiseme mubaya, chef. Ile njo yangu."

Nami nilisimama pale nikimwona baba na fulana yake mlangoni, mikono juu, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba hakuwa anajionyesha. Alikuwa anapoa. Nilikuwa nimemcheka pamoja na mama miaka yote ile, na nikaona aibu.

Shefu aliangalia waya wake mwekundu. Kisha akamwita mwandishi wake, akamwambia alete wembe. Mwandishi alilikwangua jina la Nkambo kutoka kitabuni polepole, na ZAMANI, na MUKE MWENZANGU. Kwa kuwa mkono wangu ulikuwa mzito na nilikuwa nimeandika kwa imani, ilibidi akwangue sana, na karatasi ikatoboka.

"Voilà," akasema shefu. "Haikuandikwa kitu. Na weye, mama," hapo alikuwa anazungumza na mimi, "Kampani haiko na joto. Iko na blanketi."

Akaandika kikaratasi, tukapewa blanketi ghalani, jipya, la kijivu lenye mstari mwekundu, linanuka dawa ya nondo. Baba alilibeba begani, na karibu na nyumbani akaniambia. "Uliona ile moto ku miguu yake? Muntu muzima." Akatikisa kichwa kwa huruma.

Nkambo alilipokea akalipima kwa viganja, akajifunika kuanzia kichwani mpaka kwenye soksi za baba, akaficha na karanga zake humo ndani ili mdogo wangu asizipate. Jioni ile nilimuuliza hewa ikoje. Akafikiri. "Baridi iko," akasema, "lakini sasa tunaheshimiana." Nilitembea kambini siku kadhaa kama mtu aliyejenga reli.

Mwezi wa nane baridi ikalegea, wa tisa ikaondoka kabisa. Miti ya barabara kuu ikatoa yale maua ya zambarau, halafu vumbi likaja na joto lake, na nyumbani serikali ikabadilika. Mama alivua vikwembe viwili akaanza kuimba. Baba alilala sakafuni na kusema hiyo si climat tena, ni tanuri lililomfuata nyumbani. Moshi wa bomba kubwa ukishuka upande wetu tulikohoa sote, vyama vyote pamoja. Na Nkambo kila alasiri alitoka nje, akaweka kiganja juu ya macho, akatazama mbinguni kwa muda mrefu.

"Nkambo, hewa iko muzuri?"

"Bado."

Nilijua anachongoja. Mvua ya kwanza ndiyo ilikuwa mtihani wa mwisho. Nikawaza: ikija mvua nzuri, si ya mawe wala ya kuezua mabati, basi atasema viatu havimbani na tutamaliza. Jumamosi nikarudi kwa Papa Ilunga. Kitabu chetu kilikuwa na tundu lake, na yeye alilitazama tundu lile, kisha akanitazama mimi.

"Leo unaomba nini?"

"Mvua, papa. Ile ya polepole."

Akaweka kalamu sikioni. "Mvua iko mu train," akasema. "Inakuyaka. Enda nyumbani."

Basi kila treni iliyopiga honi nilisimama kusikiliza. Ikafika siku, alasiri, tumetoka shule. Upepo ulinyanyua vumbi lote la barabara ukalizungusha, mbuzi wakakimbilia ukutani, na matone manene yakaanza kupiga bati moja moja, unaweza kuyahesabu, halafu huwezi. Ile harufu ikatoka ardhini. Ninyi mnaijua, sina haja ya kuieleza. Watoto wote wa kambi walitoka nje na nguo zao za shule wakipiga kelele, na mimi sikucheza nao hata kidogo. Nilikimbia nyumbani na maji yananitiririka, maana ilikuwa mvua nzuri, ya polepole, kama nilivyoagiza, na nilitaka kuwa wa kwanza kusikia hukumu.

Nkambo alikuwa amekaa kwenye kitanda chetu. Alikuwa anatabasamu, sijawahi kumwona na uso ule. Gunia lake lilikuwa limefungwa, na jembe limetoka nyuma ya mlango.

"Muke mwenzangu," akasema, "mvua imefika. Kesho naenda kupanda."

Nikamwambia ni mvua nzuri. Nikamwambia haikuezua bati hata moja, aisikilize mwenyewe. Akasema ndiyo, nzuri sana, ndiyo maana anaenda. Nikamtazama baba na mama, na nikaona kwamba hakuna aliyeshangaa. Watu wazima wote walijua tangu mwezi wa tano maana ya mvua ya kwanza kwa mtu mwenye jembe. Mimi peke yangu nilikuwa nimeiomba ije haraka.

Nililia kwa sauti iliyowashinda watoto wote wa nje. Nikamwambia abaki, Kampani itampa unga, hana haja ya kulima.

"Kampani hainijue," akasema Nkambo, na alicheka akinifuta uso na kona ya blanketi. "Ilinifuta na wembe. Shamba ya Lukafu, ile inanijua."

Asubuhi lori lilikuja. Kuku hakwenda, maana tulikuwa tumekwisha kumla siku ya Kupalizwa kwa Bikira Maria. Nilitaka Nkambo achukue blanketi, nikamkimbilia nalo, akanirudishia juu ya ubao wa lori.

"Baki nayo. Kule haiko baridi ya kutaka blanketi. Ile baridi yangu iko huku kwenu, nitakuya kuifata."

Sikumwamini. Mwaka ule mvua zilinyesha vizuri na nilizichukia zote. Niliacha kuuliza kantini. Lakini mwezi wa nne, mama akichambua maharage, nilimsikia akimwambia jirani kwamba mama mkwe atakuja tena mavuno yakiisha, baridi ikianza, kwa kuwa huo ndio wakati pekee shamba linamwachia mtu nafasi. Jirani akasema maskini, na anavyoichukia baridi. Mama akasema ndiyo, anaichukia vibaya sana, lakini atakuja.

Basi asubuhi ya kwanza ya baridi mwaka ule, jua halijatoka, baba alifungua mlango na fulana yake akanikuta nimeshamtangulia. Nilisimama nje na gauni jepesi, miguu mitupu juu ya majani yaliyoganda, meno yanagongana, na nilikuwa nacheka. Mama alipiga kelele kutoka ndani kwamba mtoto amepandwa na homa. Baba akanyanyua mikono, akavuta hewa, akanitazama kwa fahari kubwa, akanishika bega na kusema hatimaye nimepata akili, nimeingia chama chake.

Nilimwachia furaha yake. Sikumwambia kwamba nilikuwa naangalia barabara, pale lori la Lukafu linapotokea.